Ng'ombe wa Devota Aje kwa Miguu

Jumapili, 10 Agosti. Nyakahanga

Nimetoka kanisani, nimegeuza kahawa kwenye turubai, nimeinjika maharage. Mikono inafanya kazi, akili iko barabarani. Kesho alfajiri naanza safari ya miguu hadi Isingiro, kule Kyerwa, nikimswaga ng'ombe wa mahari ya Justus, mtoto wa kaka yangu. Nina miaka hamsini na tisa. Kaka amecheka mpaka akakohoa.

Acheke. Ng'ombe wa kwanza alimpeleka yeye, kwa Fuso, mwezi wa sita. Ng'ombe akafika ncha ya pembe imevunjika. Mzee Bitegeko, baba yake Devota, alimzunguka mara moja, akamrudisha siku ile ile. Akatuma maneno: ng'ombe mwingine aje kwa miguu yake, pembe zote mbili nzima, Jumamosi ya wiki hii iwe mwisho. Asipofika, yaishe. "Lori halichoki," alisema. "Nataka kuona nani atachoka kwa ajili ya binti yangu."

Kwetu bwana harusi hamswagi ng'ombe wake mwenyewe. Kaka ana goti bovu. Nimebaki mimi, shangazi.

Kuna na lile jambo la pili, zito kuliko ng'ombe. Devota ana mtoto wa miaka minne, Asimwe, aliyempata kabla ya kujuana na Justus. Kaka anasema mtoto abaki kwa babu yake. Kwenye kikao cha ukoo nami nilisema hivyo hivyo. Ndivyo ilivyo desturi, sioni ubaya. Devota naye amemwambia Justus waziwazi: tunakuja wawili, au haji mtu. Justus hali. Amekonda, suruali inashikiliwa na mkanda tu.

Hayo ni ya Jumamosi. Leo nawaza viatu. Nimechagua raba za zamani, zilishanisamehe vidole.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumetoka kabla hakujapambazuka. Mimi, Ezekieli na ng'ombe. Ezekieli ni mchunga ng'ombe wa jirani yangu, mtu mzima mwenye wajukuu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amezaliwa hapa hapa. Haongei. Nimempenda kwa hilo. Nafasi ya kuongea nimeipata yote.

Ng'ombe tumemwita Bihogo kwa ajili ya rangi yake nyekundu iliyokolea. Pembe ndefu, nyeupe, zimepanuka vizuri. Mtamba, hajazaa. Kaka alimnunua mnadani haraka haraka baada ya ile fedheha ya Fuso. Anatembea kama mke wa mchungaji anayekwenda kupokea sadaka. Taratibu, shingo juu.

Nina furaha mpaka naona aibu. Barabara hii nimeipita maisha yangu yote nikiwa nyuma ya pikipiki, macho nimeyafumba kwa vumbi. Kumbe kuna miti. Kumbe kuna kijito chini ya lile daraja ambalo siku zote nilidhani ni la mapambo. Watu wanatoka uani kutuuliza tunakopeleka ng'ombe. Nikisema Isingiro, wanashika vichwa. Nikisema kwa miguu, wanakaa chini.

Saa nne jua likatukamata. Kiangazi nakijua, lakini cha mwaka huu kimezidi. Lami inang'aa kama imemwagiwa maji. Tumejificha kibandani kwa watu tusiowajua, chini ya migomba, mpaka saa kumi. Wametupa kahawa ya kutafuna na maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: nimewapimia bibi yao presha, mashine ya kazi yangu ya zamani hospitalini natembea nayo. Ilikuwa juu. Nimemgombeza.

Miguu inauma. Vizuri.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimekasirika.

Tumeingia kwenye rweya, zile nyika za nyasi ambako hakuna mgomba hata wa dawa. Nyasi zimekauka, kilima kizima kimechomwa moto, majivu yanaruka. Lambo tulilotegemea limebaki tope lenye alama za kwato. Bihogo akalinusa lile tope, akanitazama. Nimeombwa vitu vingi na watu maishani, sijawahi kuombwa vile. Tukatembea tena mpaka tukapata kisima cha mkono. Ezekieli akapampu, mimi nikashika ndoo. Alikunywa bila kuinua kichwa.

Hapo ndipo Ezekieli akapapasa kiwele chake, akasimama muda, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Shangazi, huyu ana mimba."

Nikamwambia haiwezekani, tumeuziwa mtamba ambaye hajapandwa. Akanyamaza. Kunyamaza kwake kunaudhi kuliko ubishi. Nikauliza ya muda gani. Akasema bado kidogo, labda mwezi wa kumi.

Nimempigia kaka. Amesema usiseme kwa mtu, tembea. Tukirudi, Jumamosi imepita na ndoa imekwisha. Tukiendelea, tunamtembeza mjamzito juani. Nimekaa juu ya jiwe nikiwaza. Kisha Bihogo mwenyewe ameanza kutembea, kuelekea Kyerwa, bila kuswagwa. Basi tumemfuata.

Mpango mpya: tunatembea asubuhi sana na jioni tu. Kanga yangu ya pili nimeilowesha maji, nimemtandika mgongoni. Imeandikwa "Wivu wako wanineemesha". Madereva wa malori wanapiga honi.

Jumatano, 13 Agosti. Nkwenda

Tumefika Nkwenda. Nimeingia mjini nikiwa nimenyoosha mgongo kama niliyeshinda uchaguzi.

Soko limejaa. Ndizi zimerundikwa chini ya maturubai, wanunuzi wanabishana, vumbi juu ya kila kitu. Watu walishasikia habari zetu; bodaboda hubeba maneno haraka kuliko abiria. Mama mmoja muuza nyanya alikuja na watoto wake kuniangalia miguu. Kijana wa duka la dawa amenipa plasta na amekataa malipo. Nyumba ya wageni ina uzio, Bihogo amelala ndani ya uzio, Ezekieli kando yake. Mimi nina kitanda. Nimekila kwa macho kwanza, kisha nimejitupa.

Justus amepiga. Sauti ndogo. Hakuuliza habari za ng'ombe. Aliuliza, "Shangazi, Asimwe je? Mtasemaje Jumamosi?" Nikamwambia hilo ni la wakubwa. Akasema yeye na Devota si wadogo. Nikakata simu. Nilikuwa nimechoka na yeye alikuwa na haki, mchanganyiko mbaya.

Alhamisi, 14 Agosti



Tuliondoka Nkwenda kungali giza. Asubuhi nzuri, ukungu mabondeni, baridi ya kuvaa sweta. Tukapiga hatua za maana. Kabla ya saa tano jua likawa kali ajabu, tukiwa katikati ya rweya nyingine, mti mmoja tu wa mgunga mbele yetu. Bihogo akaacha kutembea. Akanyanyua mkia. Akalala, akainuka, akalala tena.

Ezekieli akamtazama nyuma, akasema neno la Kirundi ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Mwezi wa kumi umekuja leo.

Nimekuwa mhudumu wa wodi ya wazazi tangu usichana wangu mpaka nilipostaafu. Nimefua mashuka, nimeshika mikono, nimeliliwa begani na wanawake wa Karagwe nzima. Nami nimetembea siku zote hizi na mzazi, nikidhani siku zake bado. Tumemsukuma, tumembembeleza, tumemfikisha kwenye kivuli cha ule mti. Kivuli chenyewe chembamba. Nikashika kanga kumkinga uso, mikono juu, mpaka mabega yakafa ganzi. Nikamwambia maneno yale yale: bado kidogo mama, pumua, usiogope, wote hupita hapa.

Kwato mbili ndogo zikatoka. Kisha hakuna kitu. Muda mrefu, hakuna kitu. Niliogopa sana. Niliona mahari imekufa, ndoa imekufa, na huyu mnyama mwenyewe, ambaye nimempenda, anakufa mbele yangu juani. Ezekieli akavua shati, akafunga kwato kwa kamba, akawa anavuta kila Bihogo alipokaza. Wakapumzika pamoja, wakakaza pamoja. Pua ikatoka. Kichwa. Kisha ndama mzima kwa mara moja, majani makavu yakalowa.

Hakupumua. Ezekieli akamsafisha pua, akamwingiza unyasi puani. Ndama akapiga chafya.

Jike. Mwekundu kama mama yake. Nilicheka, nililia, nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya nyika. Ezekieli alikuwa amekaa chini akitabasamu, kifua wazi, amejaa uchafu wote wa dunia. Mtu wa kwanza kutupita alikuwa kasisi kwenye pikipiki. Alisimama, akabariki, akatuachia chupa yake ya maji.

Jioni tumesogea hadi nyumba ya karibu, Ezekieli amembeba ndama mabegani, mama nyuma yake ananusa njia nzima. Ni mwendo mfupi lakini Ezekieli amefika ameishiwa. Wenye nyumba wametupa banda na majani ya mgomba.

Kaka amepiga. Nikamwambia yote. Akasema: "Ndama abaki hapo kwa hao watu. Wamnyweshe kwa chupa, tutamfuata baadaye. Mama aendelee na safari." Amesema tuliahidi mtamba, tusifike na mkia.

Nimesema sawa. Ni kaka yangu mkubwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumejaribu kama alivyosema. Ndama amenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, tumemfungia bandani na wenye nyumba wakamshika. Tukamfunga Bihogo kamba, tukamtoa.

Alikwenda mpaka kwenye njia kuu. Ndama akalia mara moja, sauti ndogo kama mlango unaolia. Bihogo akageuka. Ezekieli ni mtu wa nguvu, lakini alivutwa kama mtoto. Ng'ombe yule aliyetembea kwa heshima tangu Nyakahanga aliruka, akapiga pembe kwenye nguzo ya uzio, nguzo ikavunjika. Nilifumba macho. Nilipofumbua, pembe ilikuwa nzima na yeye alikuwa mlangoni mwa banda, anagonga kwa paji la uso. Tukafungua. Akamlamba yule mdogo kuanzia pua hadi mkia, kisha akatugeukia sisi, miguu imepanuliwa. Hata mimi sikumsogelea.

Nilikaa kwenye majani ya mgomba. Nimeona aibu, na naiandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Maneno ya kaka ya jana usiku ni yale yale aliyoyasema kwenye kikao kuhusu Asimwe. Abaki kwa hao watu. Tutamfuata baadaye. Na mimi nikasema sawa mara zote mbili, kwa sauti ile ile.

Sasa tutafikaje? Ndama hawezi mwendo ule juani. Kijana wa bodaboda akajitolea kumpakia. Lakini pikipiki itatangulia, mama hamwoni, turudi tulipotoka. Mdogo lazima awe mbele ya macho yake, karibu na pua yake, kwa mwendo wake.

Mwenye nyumba ndiye aliyesema: machela.

Kila kitongoji hapa kina machela ya kubebea wagonjwa, ya fito na kamba zilizosukwa. Inakaa kwa mtunzaji. Leo ni sikukuu ya Bikira Maria, watu walikuwa wanatoka misani, wanaume wamevaa makoti juani. Tukaenda kwa mtunzaji, mzee mwenye kofia.

"Mgonjwa ni nani?" akauliza.

Ezekieli akanyoosha kidole kwa ndama.

Bibi mmoja mwenye rozari akasema machela ni ya watu, ukimlaza mnyama humo unaita balaa. Wengine wakaguna kumuunga mkono. Nikaeleza. Mahari, Jumamosi, Fuso, pembe, Mzee Bitegeko. Nikaeleza na ya Devota na mtoto wake, sikuficha, hata la mimi kuunga mkono. Wote walisikiliza. Mtunzaji akaenda kuileta machela. Akatoa mayai mawili ndani yake. Tangu bodaboda ziingie, alisema, machela imekuwa ya kutagia kuku, na kama balaa lipo basi kuku walishalitamia.

Watu wakacheka. Yule bibi hakucheka. Alimtazama Bihogo muda mrefu, akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akatandika kitenge chake ndani ya machela.

Tumesubiri jua lipungue, tukaondoka. Siwezi kuandika ilivyokuwa. Wanaume wanne wamebeba, wamevaa viatu vya kanisani. Ndama amelala kifalme, masikio yanachezacheza. Bihogo pua yake iko kwenye machela, hatua kwa hatua, hahitaji fimbo wala kamba. Nyuma, watoto, wanawake, mbwa. Wakaimba nyimbo za kumpeleka mgonjwa hospitali, wakabadilisha maneno. Mpakani mwa kitongoji wengine walikuwa wameshapata habari, wanasubiri, wakapokea mabega. Wa mbele hawakuruhusu wa nyuma kwenda mbali zaidi, kila kitongoji kinataka zamu yake. Ezekieli aliimba. Ezekieli ana sauti nzuri, kumbe.

Nimetembea kama msichana. Miguu sikuisikia kabisa. Nimelala hatua chache tu kutoka Isingiro, na natamani tungekuwa na wiki nyingine ya kutembea.

Sijampigia kaka.

Jumamosi, 16 Agosti. Isingiro

Tumefika asubuhi, kivuli bado kirefu.

Uwanja wa Mzee Bitegeko ulishajaa. Wazee wake kulia, wa kwetu kushoto. Kaka na ndugu walikuja kwa gari, mashati yamepigwa pasi. Justus amesimama nyuma ya wote kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Tukaingia: machela kwanza, mama nyuma yake, Ezekieli, mimi, na karibu kitongoji kizima cha watu wasioalikwa. Raba zangu zilikuwa zimefunguka mdomo. Kaka alipoona machela alitazama chini.

Mzee ni mrefu, mkavu, anatembea na fimbo asiyoihitaji. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia huku akimtazama ng'ombe. Akamzunguka. Akashika pembe ya kushoto, ya kulia. Akainama akaangalia kwato. Akatazama miguu yangu pia, bila aibu, kama anayekagua mali ile ile.

Kisha akasema, "Tuliomba mtamba."

Kaka akaanza kusafisha koo, aseme ya mnadani, ya kudanganywa. Nikamtangulia. Shangazi ana nafasi yake siku ya mahari, na mimi njia hii nimeilipa kwa nyayo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Nkwenda. Ilipotea yote. Nikasema, "Mzee, tulitoka na mmoja, njiani wakawa wawili. Tulijaribu kumwacha mdogo ili tuje na yule mliyemwomba. Mama akakataa kutembea."

"Nanyi mkafanyaje?"

"Tukambeba mtoto."

Nikamwona Devota mlangoni mwa nyumba, ameshika fremu ya mlango, na Asimwe ameshika sketi yake. Kaka naye akawaona. Nilimgeukia, nikamwambia mbele ya wote kwamba kwenye kikao mimi na yeye tulikosea, na kwamba mimi upande wangu nimeshahama. Niliogopa. Hatujawahi kupingana hadharani, tangu utoto.

Nilidhani kaka atainuka aondoke. Kisha akaivua kofia yake. Akasema kwa Mzee kwamba ukoo wetu umekuja kuomba watu wawili, na kama lilisemwa jambo lingine huko nyuma, lilisemwa na watu waliokaa kwenye viti.

Mzee alisimama akimtazama yule ndama anavyotafuta kiwele kwa miguu inayoyumba. Alipokipata, Mzee akapumua. Akamwita mjukuu wake. Asimwe akaja, peku, vumbi mpaka magotini. Babu akainama mpaka fimbo ikamfaa kwa kweli.

"Nenda kamwambie mama yako akutafutie viatu," akamwambia. "Kwa akina Justus ni mbali."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, Bihogo alishtuka.

Jumapili, 17 Agosti

Nimebaki Isingiro, miguu haivai kitu. Wenzangu wamerudi kwa gari jana. Ezekieli nimemwombea nafasi ya mbele kwenye gari. Alisinzia kabla hawajawasha.

Jua limeamka vile vile, kali. Nimekaa chini ya migomba ya watu, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ndama amekunywa, amelala. Devota anamenya ndizi karibu yangu. Hatujaongea mengi. Amenibadilishia maji mara mbili bila kuombwa.

Kaka amepiga simu asubuhi hii. Nilijiandaa kugombana. Hakuuliza habari za miguu yangu wala za ng'ombe. Alikohoa, akazunguka zunguka, akaja kuuliza mtoto anapenda kula nini.

Nimemwambia anakula ndizi, kama sisi.